Ampuli ya Jumanne

Sehemu ya tisa

Wiki iliyopita niliwaacheni kaburini kwa Rosalie, mlimani juu ya Katana, udongo ukiwa bado mbichi. Kwa aliyekosa gazeti nitarudia machache, kisha tuendelee, kwa sababu mambo ya wiki hii ni mabaya zaidi na sitaki kujipa nafasi ya kuyakimbia.

Mimi ni Ezéchiel, mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja cha Bukavu. Miaka miwili kabla ya kifo hicho, bohari moja ya dawa iliyoko Ibanda iliniomba niitengenezee mfumo wa kufuatilia dawa tangu zinapotoka ghalani hadi zinapofika kwenye vituo vya afya vya vijijini. Niliutengeneza. Kila jioni muuguzi mkuu wa kituo huhesabu dawa zake na kutuma hesabu kwa simu. Kituo chenye dawa zote huonekana kijani katika ramani yetu. Kituo kilichoishiwa hata dawa moja huwa chekundu. Wauguzi waliuita mfumo wangu Kijani, na jina likashika.

Nilijua hesabu kuliko nilivyowajua watu. Kwa hiyo niliongeza kanuni moja: katika mkutano wa kila mwezi, mwenye kituo chekundu asimame mpaka mkutano uishe.

"Rouge, simama tuone kimo yako!" wenzake walimpigia kelele. "Leo unavaa sawa kardinali!"

Walicheka, nami nilicheka. Baada ya miezi mitatu hapakuwa tena na mtu wa kusimama. Ramani yote ilikuwa kijani, nami niliionyesha katika makongamano kama ushahidi kwamba dawa zinafika.

Dawa hazikuwa zikifika. Wauguzi walikuwa wakiacha moja ya kila aina, nyuma kabisa ya jokofu, isiyoguswa na mtu, ili hesabu isishuke hadi sifuri. Walikuwa na jina lake: "ile ya Kijani".

Rosalie alijifungua mtoto wa kiume siku ya Jumapili, kisha damu ikakataa kukatika. Muuguzi mkuu wa kituo, au titulaire kama wanavyoitwa, Adèle, alikuwa na ampuli moja ya dawa ya kuzuia damu. Hakuitumia. Alimtuma mume, Constantin, akimbie Katana kununua nyingine. Constantin aliporudi na ampuli mkononi, alimkuta mkewe amefunikwa shuka. Kituo hicho kilikuwa kijani siku Rosalie alipokufa, na kilikuwa kijani siku alipozikwa.

Barua ya rambirambi ya bohari niliiandika mimi, kwa Kifaransa nilichokipiga pasi vizuri. Constantin aliisoma mwenyewe kaburini, akiigeuza Kimashi mstari kwa mstari ili mama yake mzazi aelewe. Hapo ndipo tulipoishia.

Sasa nitasema lile nililolificha kwa sehemu nane.

Baraza la kumhoji Adèle lilikaa Alhamisi ya juma lililofuata mazishi, saa nne asubuhi, katika chumba cha mikutano cha bohari. Katikati aliketi Maman Virginie, mkurugenzi wetu. Pembeni, karibu na dirisha, aliketi mzee Déogratias, mtunza ghala ambaye zamani alikuwa akimpigia simu kila muuguzi na kumwuliza habari za wagonjwa kabla ya kuuliza habari za dawa. Mfumo wangu ulimtoa katika kazi hiyo. Walimwachia funguo tu.

Adèle alisimama. Hakuna aliyemwambia akae.

"Adèle," alianza Maman Virginie, "ampuli ilikuwa kwa frigo. Mugonjwa alikuwa kwa kitanda. Kati yao iko hatua ngapi?"

"Sita, maman."

"Sita. Na we ukatuma papa wa mutoto mpaka Katana, kwa miguu."

"Ndiyo, maman."

"Ulikuwa unaichungia nani? Nani alikuwa anakuya kuinunua?"

"Hakuna mutu. Nilikuwa naichunga ju ya Kijani."

Mtu alicheka nyuma.

"Kijani ni nani? Eko mutu? Anazalaka?"

Kicheko kikazunguka meza. Adèle alingoja kiishe.

"Maman, wakati nilifungua ile frigo, Rosalie alikuwa amekwisha kunyamaza. Ile kosa ni yangu, siikatae. Nitabeba mpaka nikufe. Lakini vendredi, siku mbili mbele Rosalie akufe, niliuliza. Nilipanda mpaka juu kwenye kuko réseau, nikaandika: niko na moja tu, kama mama mwenye kutoka damu anakuya, nifanye nini? Na Prof akanijibu."

Vichwa vyote vikanigeukia.

Wasomaji wangu, aliniuliza kweli, nami nilijibu kweli. Ijumaa ile nilikuwa nafunga nyaya za projekta. Jumanne iliyokuwa inakuja, wafadhili wangekuja kuitazama ramani, na vituo vyote mia na nne vilikuwa kijani. Ujumbe wa Adèle uliingia. Niliusoma nikiwa na waya mdomoni. Nikaandika kwa Kifaransa, na Kiswahili chake ni hiki: "Msiguse ampuli ya mwisho kabla ya ziara ya Jumanne. Familia iende kununua Katana."

Sikumfikiria mama yeyote. Nilifikiria rangi.

Wafadhili walikuja Jumanne. Rosalie alikuwa amekwisha lala kaburini tangu jana yake. Walipoiona ramani walipiga makofi.

Basi Jumatano, siku moja kabla ya baraza, wenzangu walipokwenda kula mchana, nilifungua mfumo na kutafuta ile Ijumaa. Niliuwekea alama ya kufutwa ujumbe wa Adèle na jibu langu. Mfumo ukaniuliza: "Una hakika?" Swali hilo niliwahi kuliandika mimi mwenyewe, kwa ajili ya watu wenye pupa.

Nilikuwa na hakika.

"Prof," alisema Maman Virginie, "tuonyeshe."

Niliwasha projekta. Ukuta ukajaa mistari. Nikashuka taratibu, Jumatatu, Jumapili, Jumamosi, mpaka Ijumaa. Kituo cha Adèle kilikuwa na hesabu ya jioni tu. Hapakuwa na swali wala jibu.

Adèle alisogea ukutani. Mwanga ukamwangukia usoni, namba zikimpita kwenye mashavu. Aliweka kiganja mahali ambapo ujumbe ulipaswa kuwa.

"Ilikuwa hapa," alisema. "Prof, ilikuwa hapa."

Nikaurekebisha mwanga wa projekta.

"Na simu?" aliuliza Maman Virginie. "Simu ya kituo iko wapi?"

"Nilimwachia mudogo wangu Rosette. Ilizimika charge tangu siku mulinisimamisha."

Hapo mzee Déogratias aliinua mkono, kama mwanafunzi.

"Mi niko muzee, ile mambo ya masini inanipitaka. Prof, unieleweshe tu kitu moja. Kama message haiko ku serveur, inaweza kubakia ndani ya simu?"

Jibu la kweli nililijua kuliko mtu yeyote mjini. Vijijini réseau, yaani mtandao wa simu, ni ya kubahatisha, kwa hiyo nilitengeneza simu za vituo zihifadhi kila kitu ndani, hata kwa miezi, mpaka siku zitakaponasa réseau. Zikinasa, hujilinganisha na bohari: kilichofutwa huku hufutika kule. Simu iliyozimika tangu juma la mazishi ilikuwa bado na maneno yangu yote, herufi kwa herufi.

"Hapana," nikasema.

Adèle aligeuka kutoka ukutani.

"Prof! We njo ulitufundisha! Ulisema simu inachunga mpaka ikamate réseau. Niliandika mu cahier!"

"Tazama sasa," alisema mmoja wa wajumbe, "titulaire anafundisha prof!"

Wakacheka tena. Hata mimi, uso wangu ulifanya kitu kinachofanana na tabasamu. Déogratias peke yake hakucheka. Alinitazama kwa muda, akaushusha mkono wake mezani polepole.

"Lundi, parquet," alisema Maman Virginie, akifunga faili. "Kuficha dawa ya mugonjwa mpaka anakufa, ile si kosa ya kazi. Ile ni ya tribunal. Mumupeleke."

Polisi wawili waliokuwa wakingoja ukumbini waliingia. Adèle alipopita karibu yangu hakupiga kelele wala hakulia. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba maelezo ya somo:

"Prof, unalalaka muzuri?"

Katika ukumbi Maman Virginie alinishika bega. "Umetuokoa. Wafadhili wanataka Kijani iende mpaka Uvira, mpaka Shabunda. Na we njo utakuwa chef wa yote." Nilimshukuru. Nataka mlijue hilo pia: nilimshukuru.

Nje, langoni, mtu alikuwa ameketi juu ya jiwe, kofia mapajani. Alikuwa Constantin.

Nilijifanya natafuta funguo za gari. Ni yeye aliyeinuka, akanijia, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Prof, nimesikia. Banasema ni we ulionyesha kweli."

"Nilifanya kazi yangu tu, papa Constantin."

"Aksanti. Mungu akulipe." Hakuuachia mkono. "Iko kitu naomba. Mutoto hana jina bado. Tunamwitaka Mutoto tu, sawa vile tunangoja mama yake amwite. Tulizungumuza na mama yangu. Tunataka akuwe homonyme wako. Ezéchiel. Na we ukuwe parrain wake."

Nilitafuta sababu ya kukataa kumpa mtoto jina langu na kuwa baba yake wa ubatizo. Mwalimu wa chuo kikuu, mtu wa maneno, nikaishia kuitikia kwa kichwa.

"Ukuye samedi, mama akuone na macho yake," alisema. Kisha akacheka kidogo. "Na kwetu hakuna réseau, Prof. Hakuna mutu atakusumbua na simu."

Jumamosi asubuhi nilikwenda. Nilinunua blanketi la mtoto, kilo mbili za sukari, na sabuni. Niliacha gari mahali njia inapoishia, nikashuka kwa miguu kati ya migomba na mibuni. Juu ya mgongo wa mlima simu yangu ilikuwa na vijiti vitatu vya réseau. Nilipofika bondeni, ilikuwa kama kipande cha kioo.

Nyumba yao ilikuwa ya udongo, imefagiliwa. Mama mzazi wa Constantin, kikongwe mwembamba asiyejua ila Kimashi, aliniweka kwenye kiti pekee chenye mgongo. Walinipa sambaza wa kukaanga, vile visamaki vya ziwani, na glasi ya kasiksi, ile pombe ya ndizi. Nilikunywa haraka.

Kisha kikongwe akamleta mtoto, akamweka magotini mwangu.

Alikuwa mwepesi mno. Aligeuza kichwa, akaanza kutafuta kifuani mwangu, akakikuta kifungo cha shati, akakinyonya kwa nguvu zake zote. Kikongwe akasema neno, akacheka bila meno.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anasema mwenye njaa hajue kuchagua," alijibu Constantin. "Usimukatalie, Prof. Ile njo maziwa ulimuletea."

Nikadhani ni mzaha. Nikacheka.

Constantin aliketi mbele yangu juu ya kigoda. Kwa muda alizungumza habari za kahawa, za mvua, za ng'ombe wa jirani. Halafu akaingiza mkono katika mfuko wa koti, akatoa simu.

Niliifahamu kabla haijatoka yote. Ilikuwa na kibandiko cha bohari na namba ya kituo niliyoiandika kwa mkono wangu.

"Rosette alileta asubui," alisema. "Alienda kuona dada yake kule ndani jana. Adèle akamwambia: ile simu muitie charge kwa panneau ya jua ya jirani, lakini musipande nayo kwa mulima. Hata kidogo. Nikasema, ajabu, simu yenye haitaki réseau!" Akacheka. "Banasema iko message ndani, ju ya muke wangu. Lakini ni Kifaransa, Prof. Kifaransa ya simu inanishindaka. Nikasema, parrain anakuya, atatusomea."

Ilikuwa inawaka. Betri ilikuwa imejaa.

"Herufi ni ndogo," nikasema. "Nipe niende nayo mjini. Nitaifungua kwenye kompyuta, nikuandikie vizuri kwa Kiswahili."

"Mjini kuko réseau, Prof."

"Ndiyo, lakini..."

"Somea hapa. Macho yako ni ya mutu mwenye kusoma."

Nikaichukua kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umemshika mtoto. Swali la Adèle lilikuwa pale. Chini yake lilikuwa jibu langu, na chini ya jibu, jina langu, kwa sababu niliutengeneza mfumo uandike jina la kila anayejibu, ili watu wawajibike.

Fikirini nilichokuwa nacho mkononi. Jumatatu Adèle angefikishwa mbele ya mwendesha mashtaka. Sentensi mbili, nikizisoma kama zilivyo, zingemtoa. Zingenitia mimi mahali pake, mbele ya mtu huyu, chini ya paa hili, mwanawe akiwa magotini mwangu. Nilitazama mlango, nikautazama mlima, nikahesabu hatua mpaka kwenye réseau. Kisha nikausikia mdomo wangu ukisema, kwa utulivu wa darasani:

"Inasema: 'Courage, titulaire. Dawa nyingine itafika. Muhudumie kila mama vizuri.'"

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu."

"Iko fupi."

"Ni fupi, ndiyo."

"Na iko muzuri," alisema Constantin. "Mutu aliandika vile eko na roho muzuri."

Alinyoosha mkono, akaichukua simu. Akamgeukia mama yake. Aliishika mbali kidogo na macho, kama alivyoishika ile barua kaburini, akaanza kusema Kimashi, polepole, mstari kwa mstari.

Kimashi changu ni cha salamu na sokoni tu. Lakini yapo maneno yasiyobadilika yanapovuka lugha. Nililisikia la kwanza: ampoule. Nikalisikia la pili: mardi. Karibu na mwisho nikalisikia jina la Katana.

Mimi sikuwa nimetaja ampuli. Sikuwa nimetaja Jumanne. Wala Katana.

Mwisho alilisoma jina lililokuwa chini. Hilo halikuhitaji kufasiriwa.

Kikongwe alisimama. Alikuja mpaka kwenye kiti changu, hakuninyooshea kidole, hakunitukana. Aliweka mikono chini ya makwapa ya mtoto, akamwinua. Kifungo kilitoka mdomoni mwa mtoto kikiwa kimelowa, na mtoto akaanza kulia. Bibi akaenda naye pembeni, akanipa mgongo.

Constantin akaiweka simu magotini mwangu, mahali pale mtoto alipokuwa amelala. Palikuwa bado na joto.

"Sasa soma tena, Prof," alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mwalimu anayemrudishia mwanafunzi karatasi. "Pole pole. Kila neno. Rosette eko nyuma ya mulango na cahier, anataka kuandika yote mbele lundi ifike."

Nikageuka. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu. Katika upenyo wake niliona mkono wa msichana, na kalamu iliyokwisha kugusa karatasi ya daftari, ikingoja.